SQLite kwenye duka la spea Ngamiani: haina seva na ndo raha yake

Wadau wenzangu mnaotengenezaga programu za maduka, SQLite, databesi inayokaa ndani ya faili moja bila seva, sio kitu kipya, ipo tangu 2000, ila huku Tanga bado naona mtu akipewa kazi ya duka moja lenye kompyuta moja anakimbilia databesi ya seva, na paswedi yake, na poti yake (mlango wake wa mtandao), halafu akishalipwa akaondoka mwenye duka hajui hata kama kuna kitu kinatakiwa kiwe kimewaka huko nyuma. Windozi ikijiapdeti usiku, asubuhi seva haijaamka, dada wa kaunta anarudi kwenye daftari.

Hii nimeiweka duka la spea za bodaboda hapa Ngamiani. Stoku, mauzo, madeni, vyote faili moja, hamna cha kuwasha.

Kilichonikosha zaidi ni umeme. Ukikata katikati ya mauzo, ukirudi yenyewe inakuta kajono kake (kafaili ka kumbukumbu, journal) pembeni ya faili, inarudisha hali ya kabla ya yale mauzo yaliyokatika, yaani yanaingia yote au hayaingii kabisa, hakuna habari ya plagi imetoka kwenye stoku halafu hela haionekani. Sharti diski isiwe mwongo tu, maana kuna vidude vya bei chee vinasema nishaandika kumbe bado. Na sio bahati. Richard Hipp aliianza akiwa kwenye kazi ya manowari za Marekani, seva ya databesi ikizima na programu yake imekwama, akataka isiyohitaji seva. SQLite yenyewe ni kama mistari 155,000 ya kodi, lakini mistari ya kuitesti ni mara 590 ya hiyo, sisi wengine tukitesti tunabonyeza "hifadhi" mara mbili tunasema iko poa. Na ni bure kabisa, uza programu yako hakuna wa kukudai.

Usalama sasa. Haina poti kwa hiyo wa nje hana mlango wa kugonga, ila pia haina paswedi, anayelikopi faili kwenye flashi ameondoka na madeni ya mtaa mzima. Funga diski kwa enkripshen, kila mtu awe na akaunti yake. Na tafadhali msiunganishe maneno ya mteja ndani ya sentensi ya SQL (lugha ya kuiamrisha databesi), wekeni alama ya kuuliza (?) mahali pa jina halafu jina lenyewe lipite pembeni. Sisi huku hata haka (mdukuzi) hatumuhitaji, akija mteja anaitwa Ng'wandu ile alama ya ' kwenye ng' yake, ambayo SQL inaiona kama mwisho wa neno, inaivunja programu yako mbele ya watu.

Yanayoniudhi yapo. Ule ulinzi wa kuzuia usifute mteja mwenye deni unakuja umezimwa, lazima uandike PRAGMA foreign_keys=ON kila unapofungua, kwa nini isiwe imewaka tangu mwanzo mimi sielewi, wanasema ni kwa ajili ya programu za zamani, haya. Halafu kolamu ya namba inapokea neno "kumi" bila hata kuguna, dawa yake ni kuweka STRICT kwenye jedwali, imekuja 2021, hakikisha toleo lako sio la kale.

Bakapu usikopi faili huku watu wanauza, unaweza kubeba nusu kitu, tumia VACUUM INTO ikutolee faili safi ndo uweke kwenye flashi, na siku moja moja ulifungue hilo la flashi uone kama linasoma kweli.

Kama bosi ana matawi Muheza na Korogwe na wote wanaandika kwa pamoja, hapo achana nayo, inaruhusu mwandishi mmoja kwa wakati, na kuliweka faili kwenye foda la kushea mtandaoni ni kutafuta kesi. Nenda PostgreSQL, ambayo ni databesi ya seva, ila umwambie mapema kwamba atamlipa mtu wa kuiangalia kila mwezi.