TAHADHARI: Ngamiani kuna fundi anauza "leseni ya video" ya Linux

Jamani watu wa Tanga, mie nimepigwa. Shilingi 120,000, mchana kweupe, na chai nikamnunulia mwenyewe.

Nina kompyuta ya Ubuntu, yaani inaendeshwa na Linux badala ya Windows. Nataka kuangalia video ya harusi ya mdogo wangu, faili la MP4, naambiwa inahitajika dekoda ya H.264, yaani programu ya kufungua video za aina hiyo, na haijawekwa. Nikapakia mashine kwenye bajaji mpaka Ngamiani.

Yule kijana, jina silitaji hapa, akawasha, akaguna. "Mama, hii Linux haina leseni ya picha wala sauti. Hata MP3 tu, kodi yake inalipwa Ujerumani." Akaniomba nimwashie hotispoti, yaani bando langu! Akafungua dirisha la maandishi matupu, akaandika mstari mmoja, herufi zikaanza kuporomoka. Mara zikasimama, ukatokea mkataba, jina la Microsoft liko pale wazi. Akanisogezea kibodi: "Bonyeza mwenyewe, ndiyo sahihi yako." Nikabonyeza Tab, nikabonyeza Enter, mkono unatetemeka kama nauza shamba la marehemu baba.

Sasa nyie mngeshuku nini? Microsoft nimeisoma kwa macho yangu! Tena adhuhuri kafunga kibanda, kaenda kuswali, karudi. Na video ikacheza, sauti safi. Akanipa risiti na CD: "Leseni yako hii, ya mwaka mmoja. Mwakani utaongeza 40,000." Nikamsifia kijana wa watu mpaka msibani.

Jumamosi akaja mtoto wa dada, yule wa chuo. Akaandika neno moja tu, history, linaloonyesha amri zilizokwisha kuandikwa, kompyuta ikamtaja fundi: sudo apt install ubuntu-restricted-extras vlc. Basi! Mstari huo wa kuweka dekoda na kicheza video, na vyote ni vya bure. "Mamdogo, ule mkataba ni wa fonti za Microsoft, maumbo ya herufi. Nazo hazilipiwi." Na MP3? Haki zile za kutoza hela zilishakwisha tangu 2017. Kasema kwa upole, kaangalia pembeni asinione uso, na hilo ndilo lililoniuma kuliko hela.

Nimemfuata. Ati nililipia ufundi! Angesema ufundi tangu mwanzo, elfu kumi ningempa na dua juu. Kaniuzia leseni, mwizi mkubwa! Alale Chumbageni polisi siku tatu, simu asipewe, arudishe za wote, na kibanda kipigwe kufuli ambayo ufunguo wake utupwe baharini. Mwenye ndugu polisi anitafute, sitanii.

Dalili? Mtu akitaja leseni ya kila mwaka ili uangalie video nyumbani kwenye Linux, ondoka. Risiti yake haina jina la duka, hilo nimeliona baadaye. DVD za dukani zikigoma, kuna programu iitwayo libdvd-pkg, nayo bure, muulizeni kijana yeyote wa chuo. Mengine yamenitoka kwa hasira.

Ile CD tumeifungua, tupu kabisa. Nimeitundika juu ya dagaa niwaanikao, ifukuze kunguru. Hata hao haiwafukuzi.