Kidonda cha vena au cha kisukari?

Cha vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) hukaa juu kidogo ya kifundo cha mguu, mara nyingi upande wa ndani. Hakina kina, hutoa majimaji, na ngozi ya pembeni hugeuka kahawia. Tiba yake kuu ni bandeji ya kubana na kuinua mguu. Ila mzunguko wa damu upimwe kwanza: ateri (mishipa inayopeleka damu mguuni) zikiwa zimeziba, kubana kutaongeza madhara.

Cha kisukari hutokea unyayoni au vidoleni, na huenda kisiume kabisa kwa sababu mguu una ganzi. Hiki ndicho ninachokihofia zaidi. Mtu anakikanyagia wiki nzima, kumbe maambukizi yameshafika mfupani! Mguu upunguziwe uzito, hata kwa plasta ngumu kama ya mguu uliovunjika, nyama iliyokufa iondolewe hospitalini, sukari idhibitiwe. Antibayotiki? Kukiwa na maambukizi tu, kwa vyote viwili.