Matembezi ya historia kwa watoto wa msingi, Lubumbashi: maoni ya mwalimu

Nafundisha darasa la tano katika shule moja ya Katuba. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019 madawati yetu yamejaa, na historia ndiyo inayoumia kwanza: mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, basi. Niliposikia kuna mwalimu mstaafu anayewatembeza watoto mjini siku za Jumamosi na kuwafundisha historia ya Lubumbashi, nilikusanya franga kwa wazazi, elfu tano kwa kila mtoto, nikawapeleka wote. Nimekwisha kupeleka na darasa lililofuata.

Kinachonipendeza ni pale anapoanzia. Haanzi na Wazungu. Anawakalisha watoto kivulini, anafungua mfuko, anatoa msalaba wa shaba, ule wa zamani wa Katanga, eneo letu hili, na kuupitisha mkono kwa mkono. "Hii ilikuwa pesa," anasema, "na mahari vilevile." Halafu anaeleza ulivyotengenezwa: tanuru la udongo wa kichuguu, makaa, mivukuto, jiwe la kijani la malakiti lenye shaba ndani yake, na shaba iliyoyeyuka ikimiminwa katika umbo lake. Alipowaambia kwamba mawe yale ya kijani yaliokotwa pia na wanawake na watoto, darasa langu likaamka. Mvulana mmoja akauliza, "Nkambo (babu), na wao walilipwa?" Darasani mtoto huyo haulizi kitu.

Kutoka hapo mfalme Msiri anaingia bila kulazimishwa. Baba yake alitoka Unyamwezi kufuata shaba hiyohiyo. Mwana akajenga ufalme wake Bunkeya, hadi tarehe 20 Desemba 1891 alipopigwa risasi na Bodson, afisa wa msafara uliokuja kuchukua Katanga kwa ajili ya mfalme Léopold II wa Ubelgiji.

Kisha teri, lile rundo kubwa la mabaki ya tanuru la shaba. Kila mtoto wa hapa anauona mlima ule mweusi na bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, karibu yake, na wengi wa wanafunzi wangu waliamini ni mlima wa kawaida, umekuwapo tangu dunia iumbwe. Mzee anawaeleza taratibu: reli ilifika kutoka kusini mwaka 1910, mji ukaanza kwa jina la Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji, mwaka uliofuata tanuru la Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, likawashwa. Shaba ikapanda treni, mabaki yake yakamwagwa palepale, miaka nenda miaka rudi. Baadaye ikaonekana kwamba mabaki hayo yana kobalti, yakaanza kuchotwa tena. "Mlima huu waliujenga babu zenu," akawaambia. Hapo watoto wakaanza kusimulia wenyewe, nani babu yake alikuwa kwenye tanuru, nani alikuwa kwenye reli. Nilikuwa nawafundisha kila siku na sikuyajua hayo.

Kati ya Kamalondo na katikati ya mji anawapitisha katika eneo ambalo Wabelgiji waliliacha tupu makusudi, kutenga mji wao na mtaa wa Waafrika. Leo pamejengwa, usipoambiwa huoni kitu. Anawaambia wahesabu hatua zao kwa sauti. Ni somo zuri kuliko ramani yoyote niliyowahi kuchora.

Habari ya Lumumba ndiyo niliyoiogopa, kwa sababu ya umri wao. Aliisema kwa sauti ya kawaida: Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito waliletwa hapa wakiwa wamefungwa, wakauawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 porini nje ya mji, na askari wa Katanga walioamriwa na maafisa wa Kibelgiji. Hakueleza mateso. Hakuficha kwamba Katanga wakati huo ilikuwa imejitenga na Kongo chini ya kiongozi wake Tshombe, ingawa najua familia nyingi hapa hazipendi kuligusa jambo hilo mbele ya watoto. Akamalizia na jino la Lumumba lililorudishwa kutoka Ubelgiji mwezi wa Juni 2022 na kupitishwa hapa Lubumbashi kabla ya kuzikwa Kinshasa. Watoto walinyamaza, wakauliza, wakajibiwa. Namshukuru sana kwa hilo.

Sasa yanayonikera. Akifika mbele ya majengo ya zamani ya mjini anageukia Kifaransa, na mazungumzo yanakufa. Watoto waliokuwa wakimzonga kwa maswali wanaanza kutazama magari. Tena hapo ndipo anapomwaga majina ya magavana na wakurugenzi, moja baada ya jingine, lakini Léonard Mpoyi hamtaji, karani aliyewaongoza wafanyakazi waliogoma mwaka 1941 na kuuawa pamoja nao katika uwanja wa mpira tarehe 9 Desemba. Wanawake pia hawamo, mbali na wale wa malakiti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wakae kambini na wake zao. Bibi zetu waliopokea poso, wakapika bukari (ugali) na kuzaa watoto kambini humo, ndio walioufanya mji huu uwe na wenyeji. Nilimwambia baada ya matembezi, akasema ni kweli, ila ratiba haitoshi. Nafasi ipo, apunguze magavana.

Kijitabu anachouza msinunue: ni fotokopi, picha zimefifia, maandishi ni Kifaransa kigumu kwa mtoto wa darasa la tano. Pesa hiyo nunueni maji, maana njiani jua ni kali.

Mkimpelekea watoto, wasizidi ishirini na tano, vinginevyo wa nyuma hawasikii. Mwombeni mapema azungumze Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Ukimwomba kwa heshima anakubali. Kwa la tatu na la nne, aishie kwenye teri. Habari ya 1961 iachieni la tano na la sita, na wazazi wajulishwe kabla.