Mto wa Kiuno kwa Mama Kijacho: Ununue au Ukunje Kanga?

Haya jamani, karibuni, mama kijacho wenzangu, na nyie akina baba mnaotafuta zawadi. Leo nina mito miwili hapa. Huu mweusi ni wa kiuno. Huu mpana, wenye pengo kwa nyuma, ni wa kukalia. Nimeinunua Kariakoo kwa hela yangu, hakuna duka lililonituma. Nimeingia mwezi wa nane, kazi yangu ni kukaa kwenye kompyuta kutwa, na mgongo umenitia adabu.

Tuelewane kwanza mgongo unauma kwa nini. Tumbo likikua linavuta uzito mbele, na lile bonde la kiuno linazidi kuingia ndani. Hapo hapo mwili unatoa homoni inayoitwa rilaksini, inalegeza viungo vya nyonga kwa ajili ya kujifungua. Sasa ukikaa umejibweteka, misuli ya mgongo ndiyo inabeba kila kitu. Ndiyo maana lile kochi laini la sebuleni, ambalo kila mgeni anakwambia "kaa hapa mama upumzike", mimi nimelikimbia.

Tuanze na wa kiuno. Naubonyeza hivi, mnaona unarudi taratibu? Hiyo ni memori fomu, sponji inayobonyea na kurudi polepole. Una mkanda wa kuufunga kwenye kiti, na kwangu mkanda huo ndio wenye thamani, kwa sababu hauanguki kila ukiinuka kwenda chooni, na mnajua tunavyoenda chooni. Uweke chini, usawa wa mkanda wa sketi. Ukiupandisha mpaka mabegani unakuinamisha tu. Kasoro yake ni joto! Kwa Dar hii mgongo unalowa, mpaka nikauvisha foronya ya pamba. Halafu ule mnene sana usiuchukue, utakusukuma mbele ubaki umekalia ukingo wa kiti.

Huu wa kukalia, kusema kweli, haujanifaa ofisini. Pengo lile ni ili kifandugu kisiguse kiti, kwa hiyo kama unaumia pale mwisho kabisa wa uti wa mgongo, unaweza kukufaa. Mimi naumia kiunoni. Ulininyanyua mpaka miguu ikaning'inia, na miguu ikining'inia kiuno ndicho kinalipa. Nyayo zinatakiwa zikanyage chini, magoti yawe sawa na nyonga au chini yake kidogo. Kwenye kiti cha chini, au kwenye gari, hapo naukubali. Ila mkanda wa gari upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, mto au bila mto.

Sasa lile swali lenu: kanga je? Kunja taulo au kanga mbili, zungusha vizuri, funga kwa kamba, weka pale pale kiunoni. Kwa maumivu yangu inafanya karibu kazi ile ile, ila inadondoka. Kama unakaa nyumbani, hela yako ibaki ya kununulia vitu vya mtoto. Wa ofisini, nunua wa kiuno peke yake.

Mpira mkubwa wa mazoezi pia ni mzuri kukalia jioni. Wa sentimita 65 unawafaa wengi wetu, wafupi wachukue 55. Usukumize ukutani usikukimbie, na usiufanye kiti cha kutwa, hauna pa kuegemea.

Na hakuna mto utakaokusaidia kama hunyanyuki. Kila nusu saa simama, tembea hata mpaka mlangoni.

Jambo moja nalisema bila utani: zile dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, tunazonunua duka la dawa kama pipi, usimeze bila kuuliza kliniki. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Na maumivu yakija yakiachia kwa mpangilio, au ukaona damu, maji yanatoka, homa, mkojo unachoma, achana na video yangu, nenda hospitali.

Ukienda dukani, omba kiti. Ufunge mto, ukae nao kidogo huku mnapatana bei. Muuzaji akikunja uso, duka la jirani lipo.