Famasi iliyoninyima dawa, na bado naipa nyota 5

Hii ni famasi ndogo huku Mbagala, jina siliweki maana sijawaomba ruhusa, ila naomba mnisome mpaka mwisho kwa sababu sijawahi kuhudumiwa hivi mahali popote.

Mwezi uliopita mwanangu wa miaka 4 alikuwa na mafua na kikohozi siku ya tatu, usiku halali, mama mkwe akapiga simu toka kijijini akasema kanunue rangi mbili, zile kapsuli za amoksilini, umfungulie kwenye maji umpe, sisi ndo tulivyowalea nyie. Na kwetu mama mkwe akishasema basi imekwisha. Nikambeba mtoto mpaka dukani, dada wa kaunta binti mdogo tu akauliza cheti cha daktari, nikamwambia sina mdogo wangu, nipe amoksilini hela hii hapa. Akasema mama naomba kwanza nimwangalie mtoto. Akampandisha tisheti, akaweka simu yake mezani sekunde zinakimbia, akatulia anaangalia kifua kinavyopanda na kushuka dakika nzima, huku foleni inaguna. Pumzi 28. Akanieleza kwa umri wake zikifika 40 hapo ni kukimbia hospitali, ila kwa hali hii anaona ni mafua ya virusi na amoksilini kwa virusi haifanyi kitu, kazi yake ni bakteria, ukiitumia hovyo hao bakteria wanaizoea na siku mtoto akiihitaji kweli inagoma.

Jamani nilikasirika. Nikapandisha sauti. Kaka mmoja nyuma yangu akasema mpe mama dawa yake bana biashara gani hii, mwingine akasema twende duka la pili wanatoa bila maswali, na kweli huko wanatoa, nimeshanunua mara nyingi tu. Watu kama sita wote upande wangu. Nikaona vidole vya yule binti vinatetemeka juu ya kioo cha kaunta, lakini jibu lilikuwa lile lile, mama samahani, hiyo sitakuuzia. Akaniuzia paracetamol ya maji basi, akasema asali kijiko kabla ya kulala, na akanishikisha dalili za hatari mpaka nikazirudia kwa mdomo wangu, kifua kubonyea ndani akivuta pumzi, kushindwa kunywa, degedege.

Vile vidole ndo vilivyonikosesha usingizi. Miaka yote nilikuwa najua mtu wa kukataa mbele za watu ni mtu mkavu asiyejali, kumbe binti wa watu alikuwa anaogopa vile vile ambavyo ningeogopa mimi.

Mtoto akapona, nikarudi kumwomba radhi, nikamuuliza mdogo wangu uliwezaje. Akasema alipokuwa kwenye mafunzo wodini alimuona mtoto anabadilishiwa dawa moja baada ya nyingine hakuna inayofanya kazi, hiyo picha haijamtoka. Halafu akavuta daftari chini ya kaunta. Mzee mwenye duka kamwambia kila mteja anayemkatalia aandike tarehe, dawa na sababu, jioni wanasoma pamoja, na hajawahi kumkata hata shilingi kwa mauzo aliyoyaacha yaondoke. Nilitafuta siku yangu nikaikuta, "mtoto miaka 4, pumzi 28, mama amekasirika".

Nilisoma saikolojia kidogo chuoni, ikanirudia kichwani yote. Kule Marekani mwaka 1961 Stanley Milgram wa chuo cha Yale aliwaambia watu wa kawaida wampige mtu shoti ya umeme kila akikosea jibu, shoti yenyewe ilikuwa ya uongo ila wao hawakujua, na kwenye lile jaribio maarufu kati ya watu 40, 26 walifika mpaka mwisho wa swichi, volti 450, eti kwa sababu tu bwana mwenye koti kawaambia endelea. Lakini alipowaweka pembeni yao wenzao wawili wanaokataa, waliofika mwisho wakawa 4 tu kati ya 40. Wanne! Watu wa aina ile ile, swichi ile ile.

Na kwenye dawa kuna Dk. Frances Kelsey. Mwaka 1960 ndo kwanza kaanza kazi kwenye mamlaka ya dawa ya Marekani, akaletewa faili la thalidomide, dawa ya usingizi ambayo nchi nyingine wajawazito walikuwa wanapewa kwa kichefuchefu, akasema ushahidi hautoshi. Kampuni ikapiga simu, ikamfuata ofisini, ikamlalamikia kwa wakubwa zake, naye anarudisha faili lile lile. Huyu mama mwaka 1937 alikuwa kwenye maabara iliyochunguza dawa ya maji iliyoua watu zaidi ya 100 huko huko Marekani, kwa hiyo alishaona dawa mbaya inafanya nini, na wakubwa zake walisimama naye. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na viungo pungufu kwa ile dawa, Marekani wachache sana. Binti wa Mbagala na Dk. Kelsey, naona vitu ni vile vile, wameona kwa macho yao na nyuma yao kuna mtu.

Mapungufu yapo. Hakuna benchi la kukalia, feni moja, chenji shida kila siku, na paracetamol yao imezidi bei kidogo ya kwa jirani. Mimi nalipa.

Juzi nimepita kuchukua ORS nikakuta baba mmoja anafoka anataka dawa ya sindano bila cheti, foleni ishaanza kuguna. Nikasema kaka, msikilize huyo dada, mimi alinikatalia na mtoto kapona. Mama mwingine akadakia, kweli bwana. Yule baba aliondoka hajanunua kitu, na dada akavuta daftari akaandika, kisha akamwita anayefuata.