Boda ya petroli au ya umeme?

Hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya ambako jina "boda boda" lenyewe linasemekana lilizaliwa, ubishi huu hauishi stejini.

Tuanze na moshi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dayoksaidi. Ni uzito mkubwa kuliko wa lita yenyewe, kwa sababu kaboni hunasa oksijeni ya hewani. Gesi hiyo imepanda kutoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya enzi za viwanda hadi zaidi ya 420 leo, na joto limepanda nayo. Barafu ya milima ya Rwenzori inaisha tukiiona. Umeme wa Uganda nao, kwa sehemu kubwa, hutoka kwenye maji ya Mto Nile: mabwawa ya Bujagali, Isimba, Karuma. Hapo petroli haina la kujitetea.

Matunzo pia: ya umeme haina oili ya injini, plagi wala kabureta. Breki na matairi ni yale yale.

Lakini ukikwama? Petroli utaipata hata kwenye chupa kando ya njia, na fundi yuko chini ya kila mwembe. Vituo vya kubadilishia betri vimejazana zaidi Kampala. Betri ikizima kijijini, utasukuma, abiria akikufuata kwa miguu na maneno yake.

Anayezunguka mjini siku nzima karibu na kituo, ya umeme itamlipa. Wewe unayebeba mahindi kutoka mashambani, baki na petroli kwanza, ila safisha kichujio cha hewa na ujaze matairi upepo. Pikipiki iliyotunzwa hunywa kidogo.