TAHADHARI: Dada wa "tuzo ya kujitolea ya Marekani" ni TAPELI, wanachuo wa Mtwara na Lindi msimtumie hata mia

Jamani kabla sijaenda mbali, kama kuna mtu umemsevu kwenye simu "Madam Tuzo" au "Koodineta" au jina lolote la aina hiyo, profaili yake mwanamke kavaa suti ya bluu nyuma kuna bendera ya Marekani, usimtumie hela. Hata kama fomu ushajaza. Hata kama kakwambia leo ndo mwisho. Hasa kama kakwambia leo ndo mwisho.

Najua kuna watu humu watacheka, chekeni tu, ila mkimaliza kucheka mwambieni na mdogo wenu aliyeko chuo maana huyu mama bado yuko kazini mpaka muda huu naandika, jana tu kaweka stetasi mpya ya "washindi wetu wa kanda ya kusini" na picha za watoto wa watu ambao hata sijui kawatoa wapi.

Wale wa hosteli mnanijua mimi na mambo ya kujitolea, sina haja ya kuanza kueleza. Watoto wa Chikongola wa hesabu za jioni, kuokota machupa ufukweni, mikoko ya Mikindani, na ile ya Msanga Mkuu ambayo nusu yenu mlivuka na kivuko mkaishia kula pweza. Sikuanza kwa ajili ya medali. Lakini mtu uko mwaka wa mwisho, kila tangazo la kazi linataka uzoefu, unasikia kuna tuzo inayohesabu masaa yale yale uliyokuwa unaambiwa unapoteza muda, wewe ungepita? Usinidanganye.

Halafu lile tangazo sikuliokota njiani. Lililetwa kwenye grupu na kaka ambaye wote mnamheshimu, simtaji maana na yeye kaliwa, tena yeye kaliwa zaidi yangu.

Nikampigia. Nikamwamkia shikamoo dada, akaitika marahaba mdogo wangu, sauti ya upole yani kama mwalimu wa dini. Akaniuliza kwenu wapi, nikasema Newala. Akasema Newala mjini au Kitangari? Nikashtuka kwa furaha, mtu wa Dar gani anaijua Kitangari! Akanitupia salamu ya Kimakonde, nikacheka, akacheka. Akauliza mama anaendeleaje, korosho mwaka huu zimekubali, salfa ya kupulizia mikorosho mlipata kwa wakati, chama cha msingi (ushirika unaotuuzia korosho) kimeshalipa au bado mnasubiri mnada? Tukaongea korosho mpaka vocha ikakaribia kuisha. Sasa niambieni, tapeli gani anakaa anakuuliza habari za salfa? Mi nikajua huyu ni dada yangu kabisa, kapata nafasi ubalozini huko anataka kuwavuta na wa kwao, maana watu wa kusini tumezoea kusahaulika, akitokea mmoja wa kutukumbuka tunafurahi.

Akanieleza tuzo yenyewe. Inaitwa President's Volunteer Service Award, ilianza 2003 wakati wa Bush, ina shaba, fedha na dhahabu, na kwa vijana wa miaka 16 hadi 25 shaba inaanzia masaa 100 ndani ya mwaka, fedha 175, dhahabu 250. Nikakata simu nikaingia Google mwenyewe. Vyote kweli! Tuzo ni ya kweli, mwaka ni huo huo, masaa ni hayo hayo. Kwaiyo wanaoniambia "kwanini hukucheki" nawajibu hapa hapa, nilicheki, na kucheki ndo kulinimaliza, maana tapeli aliyekuja na uongo mtupu ningemjua, huyu alikuja na ukweli akauchomekea namba yake ya simu.

Fomu ilikuwa elfu kumi na tano. Nikalipa. Fomu ikaja kweli, ya kujaza kwenye simu, ina nembo ya tai, inauliza mpaka kundi la damu. Nikaambiwa niandae ushahidi wa masaa. Nikanunua kaunta buku, nikachora mistari kwa rula, tarehe, kazi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sahihi ya msimamizi. Nikazunguka na lile daftari juani kuwatafuta wote niliofanya nao kazi wasaini. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri kila ukurasa, akawa anapulizia wino ukauke kabla hajafunua ukurasa mwingine, akasema mwanangu hii ikitoka usitusahau. Steshenari wakaskani lote, nikatuma.

Masaa yangu hayakufika 250, yaliangukia kwenye fedha. Nikamwambia dada hamna shida, hata fedha inatosha. Akasema mdogo wangu we unastahili dhahabu, muda wa kupanda kivuko kwenda na kurudi nao unahesabika, ila uhakiki wa dhahabu unafanywa na watu wa Marekani wenyewe, ni elfu arobaini na tano. Na dhahabu inakuja na skolashipu ya mastazi. Na viza. Na hafla Dar es Salaam tarehe 5 Desemba, siku ya kimataifa ya kujitolea, ambayo na yenyewe ni siku ya kweli ipo kwenye kalenda ya Umoja wa Mataifa tangu 1985, nikaicheki pia.

Hii ya elfu arobaini na tano ndo nataka muione vizuri. Nilikwenda kwa wakala, simu yangu chaji ilikuwa imeisha nikataka atume moja kwa moja. Nikamtajia namba. Akaingiza, jina likatokea, akanigeuzia simu nisome. Jina la mwanaume. Majina matatu yote ya kiume. Wakala akaniangalia akasema dada, huyu unamfahamu? Mi nikamjibu kwa nyodo, ndio namfahamu, we tuma. Akauliza tena, kwa upole kabisa, una uhakika, maana ikienda imeenda. Nyuma yangu kuna foleni, kuna kijana wa bodaboda anasema sista tufanye haraka, mi nikaona huyu wakala ananidhalilisha mbele za watu kama vile sina akili. Nikasema TUMA. Akatuma. Nilipochaji simu nikampigia madam nikamuuliza mbona jina la mwanaume, akajibu hapo hapo bila hata kupumua, "huyo ni mhasibu wetu mdogo wangu, mimi siruhusiwi kupokea fedha za waombaji, ni sheria za Wamarekani." Nikaona kumbe wana utaratibu mzuri! Yani lile swali lenyewe likazidi kunipa imani.

Cheti kikaja kwenye wasapu. Jina langu limeandikwa sawasawa na la kati limo, mhuri wa dhahabu unang'aa, na chini sahihi ya Obama. Obama! Mtu aliyetoka ikulu Januari 2017! Na tarehe ya cheti ni ya mwaka huu. Mi niliangalia jina langu tu, nani anaangalia sahihi akiona jina lake limeandikwa kwa herufi zile za kupinda pinda. Nikamtumia mama, mama kawaonyesha majirani, msikitini wakaniombea dua.

Halafu medali "ikafika Dar ikakwama forodhani". Laki moja na ishirini. Picha ya medali kwenye kiboksi chekundu, picha ya risiti, na muda, kabla ya saa kumi jioni au inarudishwa Marekani na jina langu linafungiwa maisha. Mama katoa kwenye hela ya korosho. Imelipwa juzi juzi tu, hata haijakaa, ilikuwa ya kuezeka jiko. Na sasaivi ndo nimeelewa kwanini mwanamke yule alikuwa anauliza kila tukiongea chama cha msingi kimeshalipa au bado. Alikuwa haulizi habari za nyumbani. Alikuwa anasubiri hela iingie.

Nikatuma. Tiki mbili za bluu. Nikaandika "imefika dada?" tiki moja. Mpaka leo tiki moja. Nikampigia kwa simu ya mwenzangu wa chumba akapokea, aliposikia sauti yangu akasema "namba imekosewa", sauti ile ile ya mwalimu wa dini!

Huyu mtu mimi sitaki arudishe hela tu. Nataka akamatwe, aletwe Newala, abebeshwe bomba la mgongoni apulize salfa mikorosho ya mama yangu kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, bila kitambaa puani, macho yawashe ajue hela ya korosho inapatikanaje. Sheria ya makosa ya mtandao tunayo tangu 2015, sijui inasubiri nini, wanakamatwa watu kwa kutukana mtandaoni huyu anayekula ada za watoto wa wakulima anabadilisha stetasi. Na huyo "mhasibu" laini yake kaisajili kwa alama za vidole vya nani? Afungwe na yeye. Na anayemtengenezea vyeti, kuna mtu wa steshenari mahali anajua anachokifanya, afungwe na yeye.

Haya, vya kuangalia, ingawa nimechoka kuandika.

Tuzo hiyo ya Marekani, mpaka iliposimamishwa 2025, ilikuwa ya raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu kule, basi. Imeandikwa pale pale kwenye vigezo, chini ya jedwali la masaa, mimi niliishia kwenye jedwali. Nilimuuliza baadaye akasema "kuna dirisha la Afrika". Hakuna dirisha. Na hata huko kwao mtu alikuwa haombi mwenyewe kwa koodineta wa wasapu, ni taasisi uliyojitolea ndo ilikuwa inathibitisha masaa yako na kukupendekeza. Haikuwa na skolashipu, haikuwa na viza, ilikuwa cheti, barua na medali.

Mtu akikwambia atakuongezea masaa, kimbia. Jina la muamala lisilofanana na mtu unayeongea naye, kimbia, na wakala akikuuliza mara mbili msikilize. Hata UNV, wale watu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa wenye makao Bonn Ujerumani, hawatozi hela kwenye hatua yoyote ile, sasa huyu wa "ubalozini" anatoza ya nini? Kama unataka tuzo za vijana zipo za kweli, ile ya Duke of Edinburgh iliyoanzia Uingereza 1956 ni ya miaka 14 mpaka 24, ila kule unafanya programu yako na kiongozi unayemuona kwa macho, hakupigii mtu simu kukuuliza mnada wa korosho lini.

Namba ya tapeli ikikutumia meseji ifowadi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, ni bure. Na kama ulimpa kitambulisho chako cha NIDA kama nilivyompa mimi (fomu iliomba, pande zote mbili), piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, usije ukashangaa na wewe umegeuzwa "mhasibu".

Mtandao wa simu wameniambia hela ilitolewa dakika chache baada ya kuingia. Polisi nimeenda, RB ninayo. Askari kasema tukiwa wengi kesi inakuwa na uzito, kwaiyo aliyeliwa asione aibu, aje inboksi na ujumbe wa muamala na picha za maongezi. Msifute chati hata kama zinawatia hasira. Wa Lindi mjini na Ruangwa najua mpo, kwenye zile stetasi zake kuna vyeti vya huko. Jumatatu saa tatu asubuhi tunakutana nje ya soko kuu hapa Mtwara tunaenda pamoja, na yule wakala kakubali kuja kutoa maelezo. Nimeshamwomba radhi, kasema anawaona kila wiki.